Meza Tano na Mwalimu Mmoja

*Mitaala mingi inasifu kuwagawanya watoto wa chekechea katika vikundi vidogo. Katika madarasa ya Johannesburg, ambamo mwalimu mmoja hukabidhiwa watoto thelathini au arubaini, sifa hiyo inadai tadbiri, wasaa na mtu wa pili.*

JOHANNESBURG

Yeyote aliyepata kuketi asubuhi nzima katika darasa la watoto wa miaka mitano huko Soweto au Alexandra, au katika mojawapo ya nyumba kuukuu za Yeoville zilizogeuzwa kuwa chekechea, anaijua saa ambayo mwalimu huihofu kuliko zote katika siku yake: ni ile ambapo watoto huinuka mkekani, walipokuwa wameketi pamoja wakisikiliza hadithi, wakatawanyika kwenda kwenye meza tano alizoziandaa tangu asubuhi na mapema.

Meza ya kwanza ina vizibo vya chupa vya kuhesabia, na hapo mwalimu ataketi mwenyewe. Ya pili ina udongo wa kufinyanga. Ya tatu ina picha zilizokatwa vipande ili ziunganishwe. Ya nne ina karatasi na kalamu za rangi. Na ya tano, ambayo kwa hakika ni pembe ya chumba tu, ina sufuria zilizochakaa, simu isiyolia, na blanketi la kumbebea mwanasesere mgongoni kama wafanyavyo akina mama wa mji huu.

Kwa dakika nne au tano mambo huwa shwari. Kisha mmoja huja akamvuta mwalimu mkono, akisema amemaliza. Wa pili huja kushitaki kwamba amenyang'anywa kalamu nyekundu. Wa tatu hana neno, amesimama tu anatazama. Na wale waliokuwa wakihesabu vizibo, ambao ndio hasa wanaofundishwa saa hiyo, hubaki na vizibo mkononi wakimngoja mwalimu aliyekwisha kuondoka.

Katika kadhia hiyo ndogo limo suala zima la makala haya. Wengi wanaozungumzia vikundi vidogo hukitazama kile alichoketi nacho mwalimu, wakazihesabu faida zake, nazo ni kubwa. Lakini kinachoamua kama darasa litafundishika ni vile vikundi vinne vilivyoachwa bila mwalimu, na tadbiri ya kuviacha kwa amani haipatikani kwa kununua meza wala kwa kubandika picha ukutani.

> *Kinachoamua kama darasa litafundishika ni vile vikundi vinne vilivyoachwa bila mwalimu.*

Asili ya meza tano

Mwaka unaotangulia darasa la kwanza, ambao hapa huitwa Darasa la R, uliingizwa katika mpango wa elimu ya taifa kwa Waraka Mweupe wa Tano wa mwaka 2001, uliotumaini kwamba ifikapo 2010 kila mtoto wa Afrika Kusini angekuwa ameupata. Tarehe hiyo ilisogezwa mbele zaidi ya mara moja. Hata hivyo darasa lenyewe lilienea katika shule nyingi za serikali, likawakuta walimu ambao aghalabu hawakuwa wameandaliwa kwa ajili yake.

Mtaala wa taifa ujulikanao kwa jina la CAPS, ulioanza kutumika katika madarasa ya chini mwaka 2012, uliagiza kwamba siku ya mtoto ichanganye shughuli zinazoongozwa na mwalimu, taratibu za kila siku kama kula na kunawa, na mchezo huru. Agizo hilo lilikuwa jema, ila halikumwonyesha mwalimu mmoja namna ya kuyatekeleza yote hayo mbele ya umati wa watoto.

Katika jimbo la Gauteng, ambalo Johannesburg ndiyo makao yake makuu, jibu lilikuja kwa njia ya mradi wa kuinua hesabu na lugha katika Darasa la R. Uliendeshwa na Idara ya Elimu ya jimbo pamoja na washirika kadhaa, miongoni mwao shirika la JET. Sehemu ya hesabu ilitungwa na kitengo cha maendeleo ya shule cha Chuo Kikuu cha Cape Town, na ya lugha ikatungwa na shirika la Wordworks.

Mpango wenyewe ni mwepesi kuueleza. Darasa hugawanywa makundi matano. Kila siku kundi moja huketi na mwalimu, na yale manne hushika shughuli zao yenyewe. Kesho yake makundi huhama, hata ifikapo Ijumaa kila mtoto awe amevipitia vituo vyote vitano, na kwa uchache mara moja awe ameketi karibu na mwalimu wake, akatazamwa na kusikilizwa.

Wazo la kumpa mtoto mdogo vitu vya kushika na pembe yake ya kufanyia kazi ni la kale kuliko mradi wowote wa zama hizi. Friedrich Froebel alilianzia huko Blankenburg, Ujerumani, mwaka 1837. Maria Montessori akalipa sura nyingine katika mtaa wa mafukara wa San Lorenzo, Rome, mwaka 1907.

Na sisi wa pwani hatukulipokea kama wageni. Katikati ya miaka ya 1980, mjini Mombasa, Bi Swafiya Said alianza, kwa msaada wa Wakfu wa Aga Khan, kuzijenga chekechea zilizofungamana na madrasa, ambamo mtoto alisoma Kurani yake na hapo hapo akapata pembe za kujifunzia zilizojaa vitu vya mahali pake, kama vifuu, kombe na mbegu. Chekechea hizo zilivuka hadi Zanzibar mwaka 1990 na Kampala mwaka 1993, na watafiti Peter Mwaura, Kathy Sylva na Lars-Erik Malmberg, katika uchunguzi waliouchapisha mwaka 2008, walikuta watoto wake wakiendelea kwa akili kuliko waliosoma chekechea nyingine na kuliko waliobaki nyumbani.

Nimeitaja Mombasa makusudi. Wapo katika Johannesburg wanaodhani kwamba vikundi vidogo na pembe za kuchezea ni anasa ya shule za watu wenye mali huko Sandton, ilhali ushahidi ulio karibu nasi unatoka katika nyua za misikiti ya watu wa kipato cha chini.

Sekunde arubaini na tano

Tufanye hesabu iliyo wazi. Mwalimu mwenye watoto arubaini mkekani, akiwa na nusu saa ya somo la hesabu, na lau angemgawia kila mmoja wakati wake kwa insafu kamili bila ya yeye mwenyewe kusema neno, angempa mtoto sekunde arubaini na tano. Mwalimu huyo huyo akiketi na watoto wanane kwa dakika ishirini na nne, kila mmoja hupata dakika tatu, na wakati wa mwenzake pia humfaa kwa kuwa yu karibu, anaona na anasikia.

Lakini faida haiko katika dakika peke yake. Mtoto wa miaka mitano anaweza kuzighani namba kutoka moja hadi ishirini bila kukosea hata moja, akawafurahisha wazazi wake na mgeni wa shule, na bado asijue kuhesabu. Kwani akipewa vizibo saba atakigusa kimoja mara mbili, atakiruka kingine, na kidole chake kitakwenda kasi kuliko ulimi wake.

Kosa hilo halisikiki katika sauti ya watoto arubaini wanaoghani pamoja. Huonekana na mtu aliyeketi mbele ya mtoto, macho yake yakikifuata kidole, na likishaonekana husahihishwa kwa siku chache. Lisipoonekana, mtoto hulichukua hadi darasa la kwanza na la pili, ambako litaitwa uzito wa akili.

Hatari hiyo ina ushahidi wa takwimu. Uchunguzi wa taifa ujulikanao kama Thrive by Five, uliofanywa mwaka 2021 na kutangazwa mwaka uliofuata, ulikuta kwamba asilimia 57 ya watoto wa miaka minne hadi mitano waliokuwa wakihudhuria chekechea hawakuwa wamefikia kiwango cha kujifunza kinachotazamiwa kwa umri wao. Hawa ni watoto waliokuwa wakiletwa kila asubuhi, wakalipiwa ada, wakaketi. Walikosa kitu kilichokuwa kikitakiwa kutendeka wakiwa wamekwisha kuketi.

Wenye shaka

Upinzani wa kwanza hutoka kwa wazazi, nao haustahili kudharauliwa. Mama anayetoka Alexandra alfajiri kwenda kufanya kazi katika nyumba ya mtu, na ambaye ada ya mwezi ameitoa kwa dhiki, hupenda kuona karatasi: ukurasa wenye herufi, namba zilizoandikwa mstarini, alama ya mwalimu. Akiambiwa kwamba mwanawe alishinda kwenye pembe ya sufuria na mwanasesere, huona amedhulumiwa.

Shaka yake ina tarehe. Sheria ya Elimu ya Wabantu ya mwaka 1953 iliundwa ili mtoto wa Kiafrika apewe elimu ya kumtosha kuwa mtumishi, na mtu ambaye wazazi wake walisoma chini ya sheria ile ana haki ya kuuliza maswali mengi kila anapoelezwa kwamba mtoto wake, na si wa mwenziwe, ndiye atakayejifunza kwa kucheza. Mwalimu mwenye busara humwita aje kukaa asubuhi moja darasani, akajionea jinsi mtoto anayepanga vikombe vinne kwa wanasesere wanne anavyokamilisha hesabu ambayo karatasi haiwezi kumfundisha.

Upinzani wa pili unatoka upande wa pili kabisa, kwa wapenzi wa mchezo huru. Wao hufuata njia kama ya HighScope, iliyochipuka katika kazi ya David Weikart huko Ypsilanti, Michigan, miaka ya 1960, ambamo mtoto mwenyewe huchagua pembe atakayokwenda, hufanya alilolinuia, kisha huwaeleza wenzake alilolifanya. Kwa macho yao, meza tano zinazohamwa kwa kengele ni kiwanda.

Hoja yao ina ukweli ndani yake, kwani mtoto aliyezama katika kujenga daraja la vitalu huumia anapoondolewa kwa kuwa saa imefika. Lakini mpango wa Gauteng haukukusudiwa kuimeza siku nzima. Mtaala umeuachia mchezo huru wakati wake, na makosa hutokea pale mwalimu, kwa uchovu au kwa kumwogopa mkaguzi, anapoufanya mzunguko wa meza kuwa ndio chekechea yote.

Upinzani wa tatu ndio mzito, nao ni wa walimu wenyewe. Wanasema kwamba waliobuni vikundi vitano walikuwa na watoto thelathini katika fikira zao, ilhali wao wana arubaini na zaidi. Kwamba kundi la watu sita ni kundi, lakini la watu tisa ni darasa jingine dogo. Na kwamba hakuna binadamu awezaye kufundisha meza moja kwa moyo wake wote huku masikio yake yakizilinda meza nne.

Uingereza iliwahi kulipitia jaribio hili. Baada ya Ripoti ya Plowden ya mwaka 1967 shule nyingi za msingi zilipanga meza za vikundi; lakini Maurice Galton na wenziwe, walipochapisha matokeo ya uchunguzi wao mwaka 1980, walionyesha kwamba watoto walikuwa wakiketi pamoja na kufanya kazi mbalimbali, kila mmoja na karatasi yake, pasipo mazungumzo ya maana baina yao. Kuizunguka meza moja hakukuwa kumewafanya kikundi.

> *Kuizunguka meza moja hakukuwa kumewafanya kikundi.*

Tadbiri ya darasa

Sasa nafika kwenye sehemu ninayoiona kuwa ndiyo kiini, nayo ni ile ambayo semina huipitia upesi kuliko zote.

Mwaka wa shule hapa huanza katikati ya Januari, na mwalimu mwenye uzoefu hafungui vituo vitano katika juma la kwanza, hata kama ratiba iliyoletwa kutoka ofisini inamtaka afanye hivyo. Huanza na darasa zima mkekani; kisha huligawa mafungu mawili yenye kazi moja iliyo nyepesi, naye akizunguka tu bila kuketi; kisha matatu; na yamkini Februari huwa imekwisha kuingia kabla hajavuta kiti akaketi na kundi moja.

Majuma hayo, ambayo kwa macho ya mgeni hayana somo, ndiyo yenye somo kubwa kuliko yote, kwa kuwa ndani yake mtoto hujifunza mahali gundi inapokaa, namna ya kuomba zamu, la kufanya akimaliza, na mambo machache yanayostahili kumkatiza mwalimu, ambayo ni damu, matapishi na haja ya chooni. Anayeyaruka ili awahi kufika kwenye vizibo vya kuhesabia hulipa deni hilo kila siku hadi Desemba.

Kisha kuna uchaguzi wa kazi zenyewe. Kitu kipya hakiwekwi kamwe kwenye meza isiyo na mwalimu: mchezo wa kadi huonyeshwa kwanza mkekani, mbele ya wote, halafu huchezwa kwenye meza ya mwalimu juma zima, kundi baada ya kundi, na hapo ndipo hupewa ruhusa ya kuhamia kwenye meza ya peke yake, ukiwa umekwisha kuzoeleka.

Kadhalika, kazi yenye mwisho wa haraka ndiyo inayozaa foleni kwenye mkono wa mwalimu. Picha ya kupaka rangi humalizika kwa dakika tatu, na mtoto aliyemaliza hutafuta la kufanya. Udongo, vitalu, mchanga na pembe ya nyumba havina mwisho, kwani mkate uliofinyangwa waweza kugeuzwa nyoka, na nyoka akageuzwa jina la mtoto mwenyewe. Mwalimu anayetaka dakika ishirini za utulivu huzitafuta katika kazi zisizomalizika, na pale anapoweka kazi yenye mwisho huweka pembeni yake kikapu cha vitabu vya picha kwa ajili ya aliyewahi.

Mpango wa chumba nao ni sehemu ya tadbiri. Kiti cha mwalimu huwekwa mgongo wake ukiwa ukutani, ili kwa kuinua macho tu azione meza zote. Rafu huwa fupi ili zigawe pembe bila kuficha watoto. Rangi za maji huwa karibu na bomba au ndoo. Vitabu huwa mbali na vitalu. Na njia ya kwenda chooni haipiti kati ya majengo ya vitalu, maana jengo lililoangushwa na mpita njia huanzisha vita ambavyo mwalimu atalazimika kuvisuluhisha.

Kwa kuwa watoto hawajajua kusoma, ratiba husomwa kwa picha. Kila kundi lina alama yake, samaki au ndege au nyota, na alama hizo huning'inizwa kwa vibanio vya nguo kwenye kadibodi ukutani, kila moja chini ya picha ya kituo chake cha siku hiyo. Mtoto akiingia asubuhi huitazama, akajua aendako bila kuuliza. Muda hupimwa kwa chupa mbili za plastiki zilizofungwa mdomo kwa mdomo zikiwa na mchanga, na kuhama hutangazwa kwa wimbo mmoja ule ule.

Katika kuwapanga watoto, nawaunga mkono wale wasiowaweka wazito pamoja na wepesi pamoja. Mtoto wa miaka mitano hujua upesi sana kwamba amewekwa katika kundi la wasiojua, na ujuzi huo humkaa mwilini. Kundi lililochanganywa humpa yule mzito mwenzake wa kumwiga, na yule mwepesi, anapoeleza kwa maneno yake alilolijua, hulijua zaidi.

Sauti ya mwalimu ni kiasi cha darasa. Anayepaza sauti kuzivuka meza tano huzifundisha meza tano kupaza sauti. Anayeinuka, akaenda hadi palipo na zogo, akainama na kusema polepole, hulituliza darasa kwa muda mrefu kuliko kelele. Fimbo imepigwa marufuku katika shule za nchi hii kwa sheria ya mwaka 1996, na namna hii ya kuinama ndiyo iliyobaki, nayo inatosha kwa mwenye subira.

Mwisho wa zamu, kabla ya uji au mchezo wa nje, wote hurudi mkekani kwa dakika chache, na mtoto mmoja kutoka kila kundi huonyesha au husimulia walilolifanya. Wakati huu hukatwa mara nyingi kwa sababu saa imekwenda, na kuukata ni hasara, kwa maana watoto wanaojua kwamba wataulizwa hufanya kazi kwa idili hata pasipo jicho la mwalimu juu yao.

Chumba cha kuazima

Yote haya yanahitaji mahali. Miongozo ya serikali huagiza mita moja na nusu ya mraba kwa kila mtoto ndani ya chumba na mita mbili nje, na mwalimu mmoja kwa watoto thelathini wa miaka mitano hadi sita, au ishirini wa miaka mitatu hadi minne. Watoto thelathini basi wanataka chumba cha mita arubaini na tano za mraba, nacho si rahisi kupatikana katika ua wa mabati wa Alexandra, wala katika gereji ya Orange Farm, wala katika sebule ya fleti ya Hillbrow.

Sensa ya chekechea ya mwaka 2021 ilihesabu vituo 42,420 nchini kote, vyenye watoto zaidi ya milioni moja na laki sita, na ni takriban asilimia 40 tu ya vituo hivyo vilivyokuwa vimesajiliwa, kikamilifu au kwa masharti. Kisichosajiliwa hakipati ruzuku ya serikali, ambayo ilikaa randi 17 kwa mtoto kwa siku tangu 2019 hadi bajeti ya 2025 ilipoipandisha kuwa randi 24. Waziri wa Elimu ya Msingi, Siviwe Gwarube, ambaye wizara yake ilikabidhiwa chekechea kutoka Wizara ya Maendeleo ya Jamii tarehe 1 Aprili 2022, ameanzisha kampeni ya Bana Pele ili kurahisisha usajili.

Kuna chekechea zinazoishi katika kumbi za makanisa, ambazo kila Ijumaa alasiri hukunja mikeka na kuficha kila kitu, kwa kuwa Jumapili ukumbi ni wa waumini. Kwao pembe ya kudumu haiwezekani, na baadhi ya walimu wao wamebuni jambo la kusifiwa: kila kituo kimo ndani ya boksi lake, lenye picha ya alama juu ya kifuniko, na mkeka unaotandikwa chini yake ndio mpaka wake. Watoto wenyewe hubeba boksi, hulifungua, hulirudisha, na katika kulirudisha hukagua kama kimepotea kitu.

Naona boksi hilo na mkeka wake vinamfaa mtoto kuliko pembe iliyopambwa kwa fedha nyingi ambayo haruhusiwi kuigusa. Pia zipo maktaba za kuazima vitu vya kuchezea, kazi ambayo Cotlands, shirika la Johannesburg lililoanza mwaka 1936, limeifanya kuwa mojawapo ya shughuli zake kuu.

Mtoto asiyesema

Wasomaji wa Kiswahili walio hapa wana sababu yao ya pekee ya kulifuatilia jambo hili. Yeoville, Berea na Rosettenville zimejaa jamaa waliotoka Bukavu, Goma na Lubumbashi, na Watanzania pia, na watoto wao huingia chekechea wakiwa na Kiswahili cha nyumbani, katika mji ambao darasa moja laweza kuwa na Kizulu, Kisotho, Kitswana na Kiingereza kwa wakati mmoja. Nchi ina lugha rasmi kumi na mbili tangu lugha ya alama ilipoongezwa mwaka 2023, na chetu hakimo miongoni mwake.

Mtoto huyo, akiketi kati ya watoto arubaini mkekani, hunyamaza; na kunyamaza kwake, miezi ikipita, huandikwa kuwa ni upungufu. Katika kundi la watoto sita mambo hubadilika: kwenye pembe ya sufuria humpa mwenzake kikombe, mwenzake humtajia jina lake kwa Kizulu, naye hulirudia, na hapo ndipo midomo yake hufunguka kwa mara ya kwanza shuleni. Mwalimu anayejua kazi yake humweka pamoja na mtoto mmoja wa lugha yake na wanne wa lugha nyingine, ili asiwe peke yake wala asijifiche.

> *Mtoto huyo, akiketi kati ya watoto arubaini mkekani, hunyamaza. Na kunyamaza kwake huandikwa kuwa ni upungufu.*

Wazazi wanaweza kusaidia kwa jambo dogo: kumwandikia mwalimu maneno machache ya nyumbani, maji, choo, naumwa, nyamaza, njoo, ili mtoto asikie walau sauti moja anayoijua. Wala wasikiache Kiswahili nyumbani kwa kudhani kwamba wanamharakishia Kiingereza. Mji huu, ambao wanafunzi wake wa Soweto walikufa tarehe 16 Juni 1976 wakipinga kusomeshwa kwa Kiafrikana, haupaswi kumsahau mtoto mdogo asiyeielewa lugha ya mwalimu wake.

Kuhusu wale wasio na hati, wanaoogopa hata kufika kwenye lango la shule, na wajue kwamba Mahakama Kuu ya Makhanda iliamua Desemba 2019 kuwa mtoto asizuiwe kusoma shule ya serikali kwa kukosa cheti cha kuzaliwa au kibali.

Mtu wa pili

Tarehe 13 Septemba 2024 Rais Cyril Ramaphosa alitia saini sheria ya marekebisho ya elimu ijulikanayo kama BELA, ikaanza kutumika tarehe 24 Desemba mwaka huo, na kwa sheria hiyo Darasa la R limekuwa la lazima kwa kila mtoto, kuanzia mwaka anaotimiza miaka sita. Nimeifurahia sheria hii, na papo hapo nina hofu nayo, kwa kuwa kulazimisha watoto waingie ni kazi ya siku moja bungeni, ilhali vyumba na walimu huchukua miaka.

Ikiwa watoto wataongezwa katika vyumba vile vile, meza tano zitabaki katika taarifa za wakaguzi na kutoweka katika maisha ya darasa. Mwalimu atazipanga siku ya ukaguzi, na kesho yake ataurudia ubao na kughani namba, kwa sababu hana njia nyingine ya kuwahifadhi watoto arubaini na tano wasiumizane. Sitamlaumu.

Kinachohitajika zaidi ya vifaa ni mtu mzima wa pili, ambaye hatafundisha kitu, bali atazilinda zile meza nne ili mwalimu aifundishe moja. Naye si mtu wa kubuniwa. Tangu Desemba 2020, chini ya mpango wa ajira kwa vijana ulioanzishwa na Rais, serikali imekuwa ikiwaweka vijana katika shule za umma kuwa wasaidizi, laki kadhaa kwa awamu, na walimu wa Darasa la R waliobahatika kupata mmoja hueleza tofauti yake kwa shukrani kubwa.

Lakini ajira hizo ni za miezi michache, hazifiki katika chekechea za mitaani, na huanza kwa kalenda ya fedha za serikali. Awamu ya mwaka 2025 ilianza Juni. Kijana anayeingia Juni hukuta taratibu za gundi, za zamu na za kuhama zimekwisha kujengeka bila yeye, au zimekwisha kuvunjika, na anapoanza kuyajua majina ya watoto mkataba wake hukaribia kwisha.

Jambo ambalo Idara ya Elimu ya Gauteng na Hazina zinaweza kulitenda bila ya kungoja ujenzi wa darasa hata moja ni kuwaajiri wasaidizi hao kuanzia siku ya kwanza ya muhula wa Januari, kuwapa juma moja la mafunzo juu ya vituo visivyo na mwalimu kabla ya muhula kufunguliwa, na kuwaacha hapo hadi Desemba.